Gari la Zimamoto Lilikuwa Mitunguu

Mji wetu siutaji. Uko upande wa juu wa Meru, mahali ambapo baridi ya mwezi wa saba inaingia hadi kwenye mifupa, na waliokuwepo miaka ile wataujua bila mimi kuwaambia. Baadhi ya watu nitakaowasema wana watoto wenye vyeo. Mume wangu akisikia nimeutaja kwa jina, ataacha chakula mezani aende kuchungulia nje, ingawa sasa tuna wajukuu na ni muda mrefu hakuna aliyefika mlangoni kwetu kwa ubaya.

Tuliishi katika nyumba za baraza la mji, zile za matofali zilizopangwa mistari karibu na ofisi zao. Mume wangu alikuwa dereva wa zimamoto. Baraza lilikuwa na gari moja tu la kuzima moto, na alilipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda kitu cha kazi. Alilisugua Jumamosi kama vile wengine wanavyosugua baiskeli zao. Watoto wetu watatu waligombania kofia yake ya chuma alipoingia nyumbani, na mdogo alitaka kulala nayo.

Mimi nilikuwa na cherehani sokoni. Kibanda changu kilikuwa kwenye safu ya mafundi, katikati ya mama aliyeuza sare za shule na mzee mmoja fundi wa saa. Mzee huyo alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi wenye vyombo vyake, bisibisi nyembamba kama sindano, na hakuuacha hata akienda chooni. Mke wake alimletea uji saa nne kila siku na kukaa nami akinisaidia kushona vifungo, akinisengenyea watu wa kanisa lake hadi tunafuta machozi kwa kucheka.

Soko lilikuwa la mbao na mabati. Tulilipa ushuru kila asubuhi, na bomba la sokoni lilikuwa limekauka tangu nilipoanza kushona pale. Taka zilikuwa kilima. Lori la taka tulilijua liliko: lilikuwa likibeba mawe ya nyumba ya kupangisha ya mkubwa mmoja wa baraza. Tingatinga la barabara lilikuwa kwa mwingine. Kila chombo cha mji kilikuwa na mwenyewe, na sisi tuliyazungumza hayo kwa sauti ya chini, tukiangalia nani amesimama nyuma yetu. Kulikuwa na muuza viatu aliyewahi kuuliza habari ya lori mbele ya watu. Askari wa kanju, wale wa baraza la mji, walikuja wakabomoa kibanda chake, chake peke yake katika safu nzima, wakaacha pengo kama jino lililong'olewa. Hakuna aliyejaza pengo lile. Tulilipita tukienda kununua chai.

Diwani wa upande wetu alikuwa mtu wa kucheka. Nasema hivyo kwa sababu watu husema wakubwa wabaya wana sura ngumu. Huyu alikuwa mnene, mpole wa sauti, anakusalimia kwa Kimeru kizuri cha wazee, anakuuliza mtoto wako wa pili aliyekuwa na kikohozi anaendeleaje. Alikujua, na kwa kuwa alikujua ulimwogopa. Alikuwa na shamba kubwa chini kule Mitunguu, ndizi na nyanya, na mwaka ule wa ukame mfereji uliokuwa ukilisha shamba lake ulikatika.

Jioni moja mume wangu alirudi, akavua viatu, akasema, "Leo nimemwagilia nyanya."

Nilidhani ni mzaha. "Nyanya za nani?"

"Za Mheshimiwa. Nimejaza tangi mtoni, nikateremka Mitunguu, nikafungua mpira. Vibarua walikuwa wakinipigia makofi."

"Na moto ukitokea?"

"Nimemuuliza mkubwa wa kazi. Ameniambia moto hautokei kila siku."

Mkubwa wa kazi ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari yote ya baraza. Mume wangu alikuwa chini yake moja kwa moja. Tukala. Baada ya hapo hakunisimulia tena kwa maneno, lakini nilijua siku alizoteremka kwa vumbi jekundu lililokuwa kwenye suruali yake, maana huku juu udongo wetu haukuwa na vumbi la namna ile. Nilifua na kuomba Mungu. Nilianza pia kuangalia majiko ya makaa ya akina mama wa chapati pale sokoni, kama mtu anayeangalia mbwa asiyemwamini.

Siku ya moto ilikuwa ya upepo. Mume wangu aliondoka asubuhi akisema anateremka. Mchana ulipopita kidogo, nikiwa nashona pindo la gauni la harusi, nilisikia sauti ya watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Kisha harufu. Nilipotoka nje ya kibanda, upande wa mitumba ulikuwa tayari unawaka, na moto haukuwa unatambaa kama nilivyofikiri moto hufanya. Ulikuwa unaruka. Upepo uliunyanyua kutoka paa moja na kuuweka juu ya lingine.

Watu walikimbia kwa mabeseni, lakini maji yalikuwa wapi? Wengine walimwaga chai. Wengine walimwaga maziwa. Na kila mahali sauti moja: "Zimamoto! Iteni zimamoto!" Vijana walikimbia hadi kwenye banda la gari, ambalo halikuwa mbali, wakarudi wakipiga kelele kwamba banda ni tupu.

Mimi nilijua gari liko wapi. Nilisimama na lile gauni mikononi. Niliogopa moto, ndiyo, lakini hofu iliyonishika ilikuwa nyingine. Mama wa sare alinishika bega akanitikisa. "Mume wako yuko wapi? Wewe! Mume wako yuko wapi?"

Niligeukia kibanda changu. Tulianza kutoa vitu. Cherehani yangu ilikuwa na meza ya chuma, nzito, na sikuweza kuisogeza peke yangu. Niliiacha. Fundi wa saa alikuwa ametoka salama, nilimwona kwa macho yangu akiwa barabarani na mke wake, kisha akajipapasa kifuani, akatazama mikono yake, akageuka. Mke wake alimshika koti. Koti likabaki mkononi mwake. Aliingia kuchukua ule mkoba, na paa la safu yetu likashuka.

Gari la zimamoto lilifika soko likiwa limebaki majivu na mabati yaliyojikunja. Lilipanda kutoka Mitunguu pole pole kwa sababu lilikuwa gari zee na mlima ule ni mkali, na lilipofika tangi halikuwa na tone. Nilimwona mume wangu kupitia kioo. Alikuwa ameona moshi kutoka mbali, aliniambia baadaye, na njia nzima alikuwa akijiambia ni mtu anachoma shamba. Mawe yalianza kabla hajasimama. Kioo kikapasuka. Akarudisha gari nyuma, akaingia katika uwanja wa baraza, na askari wakafunga lango.

Jioni ile walikuja nyumbani. Mkubwa wa kazi, na mwanamume mwingine ambaye sikumjua na ambaye hakusema neno tangu aingie hadi atoke. Jua lilikuwa halijazama. Watoto walikuwa chini sakafuni wakiandika kazi ya shule. Niliwawekea wageni chai, maana mikono hufanya ilichozoea.

Mkubwa wa kazi alizungumza kwa huruma. "Bwana dereva, mambo yameharibika. Kutakuwa na baraza la wananchi. D.O. wa tarafa atakuwepo, meya atakuwepo. Watu wana hasira, wanataka kusikia kitu."

"Watasikia ukweli," mume wangu akasema.

"Watasikia ulikuwa umelewa. Ulichukua gari bila ruhusa ukaenda kwenye mambo yako. Utasimama, utaomba msamaha, utaachishwa kazi. Baada ya miezi kidogo watu wakisahau, tutakutafutia nafasi Isiolo au Embu. Mheshimiwa hawasahau watu wake."

"Mimi sinywi pombe. Kila mtu anajua."

"Kila mtu atajua vile tutawaambia."

Yule mwanamume mwingine aliinama, akaokota daftari la binti yetu mkubwa kutoka sakafuni, akalifungua, akasoma jina la shule lililoandikwa juu. Akalirudisha pale pale kwa uangalifu. Mkubwa wa kazi akasema, akinitazama mimi, "Watoto wenu wanapita ile njia ya mikaratusi wakienda shule, sivyo? Njia ina giza asubuhi. Muwaambie waangalie." Kisha wakanywa chai yao yote, wakashukuru, wakaondoka.

Mume wangu alikaa na kofia yake ya chuma magotini. Nilimuuliza atafanya nini. Nilimuuliza tena kesho yake, na siku nyingine, na kila mara alinitazama kama nimeuliza kwa lugha asiyoijua. Hilo lilinitisha kuliko wale wageni. Nimeolewa na mtu wa maneno machache, lakini uso wake nilikuwa nikiusoma, na sasa sikuweza.

Siku zile kabla ya baraza sijui nilizipitaje. Watoto hawakwenda shule. Gari jeupe aina ya Peugeot lilianza kuegeshwa karibu na nyumba zetu jua likishuka, injini inanguruma kidogo, kisha inazimwa. Hakuna aliyeshuka. Nilifunga mapazia na kuwaambia watoto wacheze mchezo wa kunong'ona. Na upande wa pili walikuwepo watu wa soko, ambao walikuwa wangu. Habari ya ulevi ilikuwa imeshasambazwa. Nilipoenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa, akina mama walivuta mitungi yao kando wakanipisha, wote kwa wakati mmoja, bila tusi hata moja. Ningefurahi wangenitukana. Wengine walikuwa wamesema mume wangu aliuza mafuta ya gari. Wengine walisema angechomwa kama soko lilivyochomwa.

Nilienda kwa mchungaji wetu. Alinikaribisha vizuri, akasikiliza, na nilipomaliza aliangalia juu. Nikaangalia juu nami. Paa la kanisa lilikuwa na mabati mapya, na sote wawili tulijua yametoka kwa nani. Akasema, "Dada yangu, tuombe roho ya msamaha." Nikainamisha kichwa akaomba, lakini sikufunga macho.

Nilienda kituo cha polisi. Mkubwa wa pale aliniuliza nimekuja kushtaki nini. Nikasema wametutisha. "Walisema nini hasa?" Nikasema walisema watoto waangalie njia. Akacheka. "Sasa mama, mtu akikushauri watoto waangalie njia, hilo ni kosa la kumfungia?" Nilipotoka, askari mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni, Mwembu kwa lafudhi yake, alinifuata hadi kwenye ua wa michongoma kama anayenionyesha njia. Alisema bila kunitazama, "Una watu wako nje ya hapa?"

"Dada yangu ameolewa Kibugu."

"Peleka watoto. Usingoje kesho."

Kibugu iko Embu, juu karibu na msitu wa mlima, mahali pa majani chai. Niliwafungia watoto nguo katika kanga moja ili tusionekane wasafiri, tukatoka kama tunaenda dukani. Njia yote hadi Embu nilikuwa nikigeuka kutazama nyuma. Dada yangu alipotuona langoni bila habari, na furushi moja tu, hakuuliza. Aliwasha moto, akawapa watoto mukimo. Ndipo aliponiambia, "Nawe unabaki."

"Siwezi kumwacha peke yake kule."

"Na wakikuua?"

Binti yangu mkubwa alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Hakulia, aliniuliza tu kama baba amefanya kitu kibaya. Nilimwambia hapana. Akauliza tena, "Basi kwa nini tunakimbia?" Nilipanda gari la kurudi asubuhi iliyofuata na swali lile likiwa bado kichwani.

Baraza lilifanywa kwenye uwanja uliopakana na soko lililoungua, harufu ya majivu bado ikiwa hewani. Walikuwa wamesimamisha hema la wakubwa na viti vya kitambaa. Wananchi walikaa chini juani. Mimi nilikaa pembeni, nyuma, na watu waliacha nafasi kunizunguka. Mume wangu alikuwa mbele, ameketishwa kwenye benchi kati ya askari wawili wa kanju. Alikuwa amevaa sare yake, amepiga pasi mwenyewe, vibaya, mkunjo mmoja ukienda upande.

Mbele yangu kidogo alikaa mjane wa fundi wa saa, kitambaa cheusi kichwani. Hakuwa ameniangalia tangu siku ile. Mazishini jamaa zao hawakuturuhusu kwenda.

D.O. alizungumza juu ya utulivu. Meya akazungumza juu ya soko jipya la ghorofa litakalojengwa, na nilipowatazama wachuuzi wenzangu niliona wanaelewa, kama nilivyoelewa, kwamba vibanda vya soko hilo vilikuwa vimeshagawanywa. Kisha diwani akasimama. Alitoa pole kwa kila mtu. Alimtaja marehemu kwa heshima, sauti ikamtetemeka mahali panapofaa. Akasema kuna mtu mmoja, mtoto wetu, amekosea kwa ajili ya chupa, na leo anataka kuomba radhi. "Tumsikilize bila hasira," akasema. "Sisi ni watu wa Mungu."

Mume wangu alipewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeshika nyasi kwa mikono miwili. Naomba unielewe: sikujua atasema nini, na sikujua nataka aseme nini. Akisema walivyotaka, tungeishi, na watoto wangekuwa watoto wa mlevi aliyeua mtu. Akisema yale mengine, sikuona tunatokaje uwanjani.

Akasema, "Mimi siku hiyo nilikuwa Mitunguu."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akakohoa.

"Nilikuwa Mitunguu, kwa shamba la Mheshimiwa huyu ameketi hapa, nikimwagilia nyanya na maji ya zimamoto. Haikuwa mara ya kwanza. Nilijua si sawa. Nilienda kwa sababu niliogopa kufutwa."

Hapo kipaza sauti kilikufa. Nilimwona kijana wa mitambo akiwa na waya mkononi, mkubwa wa kazi amemwinamia. Mume wangu alikitazama kile kitu, akakiweka chini polepole, akaendelea kwa mdomo wake. Waliokuwa nyuma hawakusikia. Lakini waliokuwa mbele waligeuka wakawaambia wa nyuma yao, nao wakawaambia wengine, na maneno yakatufikia yakipita kinywa hadi kinywa: aliomba radhi kwa marehemu, aliomba radhi kwa mjane, alisema hajawahi kuonja pombe.

Diwani alikuwa bado anatabasamu. Aliinuka, akasema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Mnaona wenyewe. Huyu mtu ni mgonjwa. Tumsaidie." Akatikisa kidole kidogo tu, na wale askari wawili wakasimama, mmoja akamshika mume wangu mkono.

 Nilitaka kuinuka, nikabaki nimekaa. Nimewahi kuota ndoto za namna hiyo mara nyingi tangu siku ile, kwamba nimekaa kwenye nyasi na siwezi. Aliyeinuka ni mjane. Alipita katikati ya watu waliokaa, akakanyaga mtu, hakuomba msamaha, akafika mbele chini ya hema. Akamwuliza diwani, kwa Kimeru, kama mtu anavyomwuliza jirani, "Ni kweli?"

"Mama, pole sana kwa msiba, kaa—"

"Nimeuliza ni kweli?"

 Mjane akamgeukia mume wangu. Nilidhani atampiga, na nadhani mume wangu naye alidhani hivyo, maana alifumba macho. Akamshika mkono ule mwingine, ambao askari hakuwa ameushika, akamvuta. Kwa kitambo walikuwa wakimvuta huku na huku. Kisha mama wa sare akainuka. Kisha akina mama wa chapati, na muuza viatu wa lile pengo, na wengine hata sikuwajua. Hawakupiga kelele wala kurusha jiwe. Walikwenda tu wakasimama karibu, wengi, karibu kabisa, hadi askari hakuwa na nafasi ya kugeuza kiwiko. Akaachilia. D.O. alikuwa ameshaingia garini.

Mtu alininyanyua kwa kwapa. Tulitembea hadi stendi ya magari ya Embu tukiwa katikati ya kundi, mjane akiwa bado amemshika mume wangu mkono. Nilisikia akimwambia, "Tembea. Usiangalie nyuma." Mume wangu alipokuwa anapanda gari, mjane aliuachilia mkono wake. Mume wangu alianza kusema kitu, naye akamkatiza. "Sijakusamehe," akasema. "Bado. Nendeni."

Lile Peugeot jeupe lilitufuata. Lilikaa nyuma yetu hadi tulipopita Chuka, na dereva wetu, ambaye alikuwa ameambiwa na watu wa stendi ni akina nani amewabeba, alikataa kusimama kuchukua abiria. Mahali fulani kabla ya Runyenjes nilipogeuka halikuwepo tena. Mpaka leo sijui kwa nini lilirudi.

Hatukurudi kule tena kuishi. Vitu vyetu vilitupwa nje ya nyumba ya baraza, na waliovichukua wakavichukua. Tume iliundwa kuchunguza moto. Tulisikia redioni ikiundwa, hatukusikia ikimaliza. Diwani alishinda uchaguzi uliofuata. Soko la ghorofa lilijengwa hadi ghorofa ya kwanza, nguzo zikaachwa zikitazama mbingu, na wachuuzi wakarudi kuuza chini barabarani. Moto ulianzia wapi, ajali au mkono wa mtu, kila mtu ana yake ya kusema, na mimi sina.

Shemeji yangu alitupa kipande cha chai tuchume. Mume wangu hakushika usukani tena. Kiwanda cha chai kilitafuta dereva wa lori, watu wakampendekeza, akasema macho yake ni mabaya, na hayakuwa mabaya. Gari lolote likipunguza mwendo karibu na lango letu, alikuwa akiinuka kutoka kwenye mistari ya chai na kusimama wima, kikapu mgongoni, hadi lipite. Watoto nao waliiga. Walikua wakifanya hivyo bila kujua sababu, maana tulikubaliana kutowaambia. Tulifikiri kutojua kutawalinda.

Miaka mingi ikapita. Siku moja jirani yetu wa Kibugu alifiwa na mama yake, na katika mazishi yakaja magari ya wakubwa, kwa sababu mwana wa marehemu alikuwa na kazi kubwa serikalini. Nilikuwa nikigawa chakula. Nilinyanyua macho kutoka kwenye sufuria ya githeri, na aliyenyoosha sahani mbele yangu alikuwa yule diwani. Amezeeka, ana fimbo, cheo chake kimepanda. Uso ule ule wa upole.

"Mama," akasema, "habari za siku nyingi. Yule binti wenu mkubwa alimaliza ualimu?"

Binti yetu alikuwa amemaliza ualimu mwaka ule ule.

Nilimwekea chakula. Sikumwaga hata punje. Nilisema, "Alimaliza, Mheshimiwa, asante." Akatabasamu, akasema Mungu ni mwema, akaenda kukaa. Nilimtafuta mume wangu katika umati, nikamwona amesimama chini ya mgomba na kofia yake ya kitambaa imekunjwa mikononi, anamtazama.

Tulirudi nyumbani kabla ya maiti kuzikwa. Mchana kweupe tulifunga mlango kwa komeo na kukaa jikoni. Binti alikuwa nyumbani siku zile, akatukuta hivyo akitoka shambani, akagonga, akaita. Baba yake akanitazama, kisha akaenda mwenyewe kufungua. Akamwambia aketi. Akaanza kumsimulia kuanzia lile tangi na mto, polepole, na alipofika kwa fundi wa saa akashindwa, nikaendelea mimi.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama yule mjane bado yu hai. Tulisema hatujui, hatujawahi kuthubutu kuuliza. Akasema yeye ataenda kuuliza. Mume wangu akasema hapana, akasema tena hapana, akainuka hadi dirishani. Binti alienda wiki iliyofuata, asubuhi, na mimi nilikaa siku nzima mahali ambapo naweza kuona barabara, sikula, hadi nilipomwona akiteremka kule chini kwenye kona, mzima, akiwa amebeba mkungu wa ndizi ambao yule mjane alimtuma nao kwetu.